Mkunga, Konyeza, na Samaki wa Umeme wa Mito Yetu

Wanafunzi wa sekondari wanajifunza majina mawili ya Kifaransa ambayo hapa Niania hakuna mtu anaweza kuwaonyesha kwa kidole: anguille na méduse. Mwalimu anachora ubaoni kitu kirefu sawa nyoka, kisha anachora kingine cha mviringo sawa mwavuli wenye nyuzi chini, na watoto wananakili katika kaye. Jioni mtoto anauliza nyumbani: «Papa, ile anguille ndiyo ule samaki wa umeme wa mto Ituri?» Papa anajibu bila kufikiri: «Ndiyo, mutoto wangu, ni ule ule.» Hapo mambo yanaanza kuchanganyika, kwa maana si ule hata kidogo. Na mwingine akisikia kwamba méduse inachoma watu baharini, anafikiri nayo iko na umeme.

Darasani, kosa la namna hii linaondoa pointi mbili tatu. Lakini sisi tunaishi kati ya mito, na vijana wetu wengi wanaingia majini kila siku kutafuta zahabu ao samaki. Kwao inafaa kujua ni kitu gani kinachoma, ni kitu gani kinapiga, na ni kwa njia gani.

Tuanze na majina. Watu wa pwani, kule Mombasa na Zanzibar, wanamwita yule samaki mrefu mkunga. Ninyi mama msicheke: kwetu mkunga ni yule anayezalisha katika maternite, na kwao pia neno lina maana hiyo, lakini lina hii nyingine ya samaki. Méduse wanaiita konyeza. Katika habari hii tutatumia majina hayo mawili.

MMOJA ANA MGONGO, MWINGINE HANA HATA KICHWA

Mkunga ni samaki kamili. Ana uti wa mgongo, ana mifupa, kichwa, macho, meno, moyo unaopiga damu, matumbo, na matamvua ya kupumulia. Umbo lake la nyoka linadanganya watu, lakini ukimpasua kwa kisu utaona kila kitu unachokiona ndani ya kambale (ngolo). Anaogelea mahali anapotaka, anafuata windo, anakimbia adui.

Konyeza hana kimoja cha hivyo. Hana mfupa, hana damu, hana moyo, hana ubongo. Mwili wake ni maji karibu yote: katika kilo moja ya konyeza, gramu 950 hivi ni maji. Ana tundu moja tu, na kwa tundu lile lile anakula na kutoa uchafu. Anajikunja na kujikunjua sawa mwavuli unaofungwa na kufunguliwa, anasogea kidogo, lakini mkondo ukiwa na nguvu unamchukua unakotaka. Ukimtoa majini na kumuweka juani, kisha ukarudi saa za baadaye, utakuta ngozi nyembamba tu imebaki. Kwa hiyo wenye elimu hawamhesabu kuwa samaki. Yuko mbali na mkunga kuliko vile kuku iko mbali na mbuzi, maana kuku na mbuzi wote wawili wana uti wa mgongo.

Kuna wakati mmoja tu ambapo wawili hawa wanafanana kidogo. Mkunga wa mtoni anazaliwa baharini, na mtoto wake ni bapa sawa jani, tena anaonekana ndani mpaka ng'ambo sawa kioo. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba huyo ni samaki wa aina nyingine kabisa. Ni mwaka 1896 ndipo Waitalia wawili, Grassi na Calandruccio, walieleza kwamba wale «majani ya kioo» wanageuka kuwa mikunga: waliwaona wakigeuka mbele ya macho yao.

Mkunga huyo wa kweli anaishi katika mito ya mashariki inayoingia Bahari ya Hindi: Tana ya Kenya, Pangani na Rufiji za Tanzania, na mingine mpaka Zambezi. Ziko aina nne. Mdogo anapanda kutoka baharini, anapita maporomoko, wakati mwingine anateleza juu ya mawe yenye maji kidogo, anakaa mtoni miaka mingi akinenepa, kisha anateremka tena baharini kuzaa. Aina moja inaweza kufika metro 2. Damu yake mbichi ina sumu, lakini moto wa kupika unaiharibu sumu ile, na watu wanamla bila shida.

Hapa kwetu hayuko. Maji ya Ituri yanakutana na Nepoko, yanakuwa Aruwimi, yanaingia mto Kongo kule Basoko, na mwisho yanamwagika katika Atlantiki. Upande ule wa Atlantiki, mito ya kusini ya ikweta haina mikunga hii. Kwa hiyo mtu akikuuzia samaki mrefu kwenye soko la Niania na kusema ni anguille, huenda ni yule mwenye msumari mingi midogo juu ya mgongo na pua iliyochongoka. Huyo ni mwenyeji wa mito ya Kongo. Ndugu zake wako pia katika ziwa Tanganyika, aina zaidi ya kumi ambazo haziko mahali pengine duniani. Anafanana na mkunga kwa umbo, lakini si wa ukoo wake. Na hana umeme, msiogope. Angalieni tu ile misumari wakati wa kumsafisha.

KONYEZA WA TANGANYIKA

Mtu atasema: basi konyeza naye ni habari ya bahari tu, sisi tuna bahari kidogo tu kule Muanda, inatuhusu nini? Ngoja kwanza. Konyeza iko Kongo, tena mashariki, katika maji yasiyo na chumvi.

Mwaka 1883 Mjerumani mmoja, Richard Böhm, alikuwa katika ziwa Tanganyika, akaona vitu vidogo vya mviringo vikielea, vinaonekana ndani sawa kioo. Vilikuwa konyeza. Habari hii ilishangaza watu sana Ulaya, kwa maana walizoea kuona konyeza baharini. Mwingereza J. E. S. Moore alisafiri huko mara mbili kabla ya mwaka 1900 ukwishe, akajaribu kuonyesha kwamba ziwa lile lilikuwa zamani mkono wa bahari uliofungiwa katikati ya Afrika. Wazo lilikuwa tamu, lakini halikusimama. Wataalamu waliomfuata waliona kwamba wanyama wa ziwa walitoka katika mito, na konyeza wa namna ile ile wakapatikana pia katika ziwa Victoria na katika mito mingine ya Afrika.

Konyeza wa Tanganyika ni mdogo, upana wake santimetre 2 hivi, sawa na kifungo cha koti. Watoto wa Uvira na Kalemie wanaoga kati yao na hawasikii kitu. Sumu anayo, lakini nyuzi zake ni dhaifu kwa ngozi ya mtu. Zinatosha kwa vidudu vidogo vya majini anavyokula.

Wa baharini ndio wanaochoma. Sasa tueleze namna gani, kwa maana hapa ndipo watu wengi wanakosea. Mnajua mtego wa msituni: unapindisha mti mdogo, unafunga kamba, unaweka kizuizi kidogo. Mnyama akigusa kizuizi, mti unaruka. Wewe mwenye mtego unaweza kuwa umelala nyumbani, mtego utafanya kazi bila wewe. Nyuzi za konyeza zimejaa mitego ya namna hiyo, midogo sana, maelfu na maelfu. Ndani ya kila mmoja kuna mrija mwembamba uliokunjwa sawa springi, wenye sumu. Ngozi ikigusa, mrija unaruka na kuchoma. Ni sumu, hakuna umeme pale. Na kwa kuwa mitego haingojei amri ya mtu, hata konyeza aliyekufa juu ya mchanga anaweza kukuchoma.

Kijana wetu akienda Muanda ao Dar es Salaam na akachomwa, asisugue mahali pale kwa mchanga ao kitambaa, kwa maana kusugua kunaamsha mitego iliyobaki. Aoshe kwa maji ya bahari yenyewe, atoe nyuzi polepole kwa kijiti, kisha atie mahali pale katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kujiunguza. Akikosa pumzi, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

SASA HUYU WETU

Turudi nyumbani. Samaki anayepiga umeme katika mito yetu, wanaosema Lingala wanamwita nina. Si mkunga, si nyoka. Ni wa kabila la kambale. Mtambue hivi: mwili mnene uliojaa, sawa soseji, ngozi laini bila magamba, rangi ya majivu ao ya kahawia yenye madoa meusi, midomo minene, ndevu sita, macho madogo sana. Juu ya mgongo hana pezi la miiba kama kambale wengine. Ana kipezi kidogo cha mafuta tu, nyuma karibu na mkia. Mkubwa anaweza kupita metro moja na kufika kilo 20, ingawa wanaoingia katika nyavu mara nyingi ni wadogo.

Watu wamemjua tangu zamani sana. Kule Misri, katika kaburi la mkubwa mmoja aliyeitwa Ti, kaburi lenye miaka zaidi ya 4000, amechorwa ukutani pamoja na samaki wengine wa Nili. Mwaka 1757 Mfaransa Michel Adanson, aliyekuwa ameishi Senegal, aliandika kwamba pigo la samaki huyo linafanana na pigo la ile chupa ya kuweka umeme ambayo wataalamu wa Ulaya walikuwa wakiichezea siku zile.

Umeme wake unatoka wapi? Fikirini mawe ya tochi. Jiwe moja lina nguvu kidogo, lakini ukipanga mengi, moja nyuma ya lingine, nguvu zinajumlishwa. Chini ya ngozi ya huyu samaki, kumzunguka mwili mzima, kuna nyama iliyogeuka kuwa mawe ya tochi madogo kupita kiasi, mamilioni. Kila moja linatoa nguvu ndogo sana. Mshipa mmoja wa fahamu upande wa kuume na mwingine mmoja upande wa kushoto ndiyo inayotoa amri, na mawe yote yanaitika kwa mara moja. Mkubwa anaweza kutoa volti 350. Linganisheni na jenereta ya dukani, inayotoa volti 220.

«Basi mbona haui watu wote?» Kwa sababu pigo lake ni fupi sana, kama sehemu mbili za sekonde iliyogawanywa mara elfu. Anapiga, anaacha, anapiga tena, mengi kwa mfululizo, kisha anachoka na kuhitaji kupumzika. Jenereta haiachi. Mtu mwenye afya akipigwa na nina anaruka, mkono unakufa ganzi, misuli inajikaza, kisha inapita. Kwa samaki wadogo ni jambo lingine: wanalala, naye anawameza.

Kwa hiyo tofauti yake na konyeza ni hii: konyeza ni mtego ulioachwa njiani, huyu ni mwindaji mwenye upinde mkononi. Yeye anaamua. Anapiga anapowinda, na anapiga anapoguswa. (Ule wa Amerika ya Kusini, anayeitwa anguille électrique, ndiye aliyewapa watu wote jina baya. Mwaka 1800 Mjerumani Humboldt aliona kule Venezuela farasi wakiingizwa katika maji yake na wengine wakizama kwa mapigo. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba mmoja alipimwa volti 860. Naye si mkunga wa kweli. Kwa ukoo yuko karibu na kambale kuliko mkunga. Jina lake linadanganya hata wazungu.)

MAHALI ANAPOKAA, NDIPO MNAPOWEKA MKONO

Nina anatembea usiku. Mchana analala katika mashimo ya kingo, chini ya mizizi, kati ya mawe, mahali ambapo maji yametulia. Ninyi mnaofanya kazi ya kuzama mnajua vizuri: ni pale pale ambapo mchanga wenye zahabu unajikusanya, na ni pale pale mkono unaingia bila jicho kuona, kwa sababu maji yamekuwa matope. Pigo lenyewe halitakuua. Lakini mtu aliye chini ya maji, akishtuka, anafungua mdomo. Mkono unaachia kamba. Mrija wa hewa unamtoka. Dakika chache zinatosha.

Na hapa lazima tuseme jambo linaloumiza. Kijana akizama mchana, mwenye nguvu, aliyejua kuogelea, mara nyingi maneno yanayofuata kwenye kilio ni yale yale: mamba-muntu amemvuta, ao mtu fulani «amemuuza» ili apate zahabu. Kesho yake mzee mmoja, ao mjane asiye na watoto wa kumtetea, anafukuzwa katika kambi na nyumba yake inachomwa. Kabla ya kufika pale, familia iulize maswali ya kawaida. Alikuwa na nani? Alizama mahali gani, penye mizizi na mashimo? Mashine ya hewa ilikuwa imewekwa namna gani? Moshi wa mota ukiingia katika mrija, mtu analala chini ya maji bila kelele, na hakuna alama utakayoona juu ya mwili wake. Moshi huu unaua kwa urahisi kuliko nina yeyote. Je, alikuwa na kifafa? Alikunywa? Ukingo ulimwangukia? Nina mwenyewe haachi jeraha, haachi alama ya meno. Ndiyo sababu watu wa zamani walimwogopa, na ndiyo sababu ni rahisi kumtwika mwanadamu kazi aliyoifanya samaki ao mashine.

Kwa wanaozama: msiingie peke yenu, na aliye juu ashike kamba, asiende kutafuta sigara. Pigeni shimo kwa mti mrefu mkavu kabla ya kuingiza mkono. Pombo la mota liwe upande upepo unakokwenda, mbali na mahali hewa inapovutwa. Mwenye ugonjwa wa moyo ao kifafa afanye kazi ya juu.

Mtu akipigwa na kuzama, mvuteni kwa kamba ao mti. Ukimrukia na kumkumbatia pale pale, samaki anaweza kukupiga nawe. Akiwa nje, msimning'inize kichwa chini wala kumkanyaga tumbo ili maji yatoke; mnapoteza wakati. Angalieni kama anapumua. Hapumui? Mlazeni chali, inueni kidevu, zibeni pua, mpulizieni pumzi mdomoni mara chache mpaka kifua kiinuke, kisha sukumeni katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu na haraka, mara 30. Pumzi 2, tena mara 30, bila kuacha. Akianza kupumua, mlazeni kwa ubavu, mfunikeni, na mumpeleke kwa muganga hata kama anasema amepona.

Mama na watoto wanaovua kwa kuziba kijito na kukausha maji wanakutana naye pia, mara nyingi mwishoni, wakati maji yamebaki kidogo na samaki wote wamekusanyika. Mtoto anaingiza kikapo, anasikia pigo mpaka begani, anatupa kikapo na kulia, na wakubwa wanacheka. Hakuna ubaya kucheka. Lakini wafundisheni: anayetoka na ndevu sita na mwili wa soseji, asishikwe kwa mkono wenye maji. «Acha ile, mutoto! Leta fimbo!» Asukumwe mpaka nchi kavu kwa mti mkavu na kuachwa mpaka afe. Hata akitulia msimwamini upesi, kwa maana aliyekufa sasa hivi anaweza bado kutoa pigo. Kisu cha kumkata kiwe na mpini wa mti, usio na maji.

Baada ya hapo ni chakula sawa kambale mwingine. Nyama yake ni laini, ina mafuta, na katika sufuria umeme haubaki hata chembe. Nyama iliyokufa kabisa haina nguvu ya kupiga mtu. Wengine wanatoa kwanza ile ngozi nene pamoja na tabaka laini lililo chini yake, ambalo ndilo lilikuwa mawe ya tochi, kisha wanamkausha juu ya moshi usiku mzima na kumpika asubuhi na mboga ya sombe.